Kadi ya Mbio za Darajani

Ofisini kwa Bwana Mugenyi mjini Kasese palining'inia ubao mweusi ulioandikwa kwa rangi nyeupe majina ya washindi wa Mbio za Darajani, mwaka kwa mwaka. Thembo hakujua kusoma, lakini mstari wa tisa kutoka juu aliujua vizuri kuliko uso wake. Mstari ule ulikuwa uongo mtupu. Ulisema mwaka wa 1971 alishinda Asanasio. Aliyeshinda mwaka wa 1971 ni Thembo, na kama ulitaka ugomvi naye ungemwambia vingine.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mbio zenyewe watu wamekwishazisahau, na asiyejua kitu ndiye mwepesi wa kucheka.

Zilianza mwaka wa 1963, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Wafanyabiashara wa Kasese waliunda kamati, wakamweka Mugenyi awe mwenyekiti kwa sababu alikuwa karani wa kiwanda cha pamba na alikuwa na kalamu mbili mfukoni. Njia ilikuwa moja. Unatoka sokoni Kasese saa moja asubuhi, unashuka kusini, unavuka mstari wa ikweta, ukifika Kikorongo unakata kulia, unakula vumbi na vilima mpaka Bwera, unateremka hadi daraja la mto Lhubiriha pale Mpondwe, mpakani na Kongo, halafu unageuza baiskeli na kurudi ulikotoka. Kilomita hamsini na saba kwenda, hamsini na saba kurudi, siku hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza walitoka watu kumi na mmoja, na aliyeshinda ni koplo Lokwang wa kambi ya polisi, aliyeendesha na buti zake miguuni. Baadaye ikajulikana kwamba watatu kati ya waliomfuata hawakufika hata Kikorongo. Walijilaza vichakani, wakavuta sigara zao, wenzao waliporudi nao wakajiunga, wakafika Kasese wakihema kwa uongo.

Ndipo Mugenyi akatunga sheria ya kadi. Kila mwendeshaji alivaa kadi shingoni kwa kamba, na kule darajani mtunza saa aliandika saa uliyofika na kutia sahihi. Huna sahihi, huna mbio.

Mwaka wa 1966 tembo walisimama katikati ya barabara pale Kikorongo karibu saa nzima, na aliyekuwa ametangulia kwa dakika nane akazipoteza zote akiwatazama wanavyopunga masikio. Alilalamika, akaambiwa akawashitaki. Mwaka wa 1968 mambo yakabadilika. Kampuni moja ya baiskeli ya Kampala ilitangaza kwamba mshindi atachukuliwa kwenye timu yake, apewe baiskeli ya tairi nyembamba na mshahara wa kila mwezi, kazi yake iwe kushindana tu. Watu wa Bwera walicheka wakashika mbavu. Mtu alipwe kwa kukanyaga pedali!

Thembo hakucheka. Yeye alikuwa akikanyaga pedali tangu ujana, akibeba kahawa za watu kutoka Karambi kwao mpaka Bwera, gunia moja kwenye keria na jingine katikati ya fremu. Aliposikia kuna mahali duniani ambapo mtu huendesha baiskeli bila gunia na bado anakula, hakulala vizuri tena. Mwaka ule alikuwa wa tatu. Mwaka wa 1969 akawa wa pili. Mwaka wa 1970 mnyororo ulikatika Kasese ikiwa inaonekana kabisa, akaibeba baiskeli begani na kukimbia kwa miguu, akawa wa tano.

“Baba Masika,” mkewe Kahambu alimwambia mwaka uliofuata, akimkazia kamba ya kadi shingoni, “mwaka huu utavunja nini?”

Mwaka huo hakuvunja kitu. Mwaka huo wenzake wote alikuwa amewaacha kabla hawajafika ikweta. Aliyejaribu kumfuata alikuwa Asanasio wa Nyakiyumbu, rafiki yake wa siku nyingi, wale marafiki wa kuazimana pampu na kuombana maji njiani. Asanasio alikuwa amesoma kidogo. Alipokuwa mdogo mjomba wake alimpeleka ng'ambo ya Kongo, Butembo, akakaa miaka minne kwa mapadri. Alijifunza mengi huko, ila kumshika Thembo siku hiyo hakuweza. Kufika Kikorongo alikuwa anaona vumbi tu.

Thembo alifika darajani saa tatu kamili. Tangu mbio zianze hakuna aliyewahi kufika pale kabla ya saa tatu na nusu, na mtunza saa, karani wa mpakani aliyeitwa Enoka, alilijua jambo hilo vizuri mno. Kwa hiyo wakati huo Enoka alikuwa Bwera juu, anakunywa chai kwa chapati. Meza ipo, kiti kipo, mtu hayupo. Haki ya Mungu, mtu unaendesha kama umefukuzwa na nyuki, unafika, unapokewa na kiti!

Thembo alizunguka ile meza kama kuku aliyetaka kutaga. Kurudi bila sahihi hawezi, na kungoja ni kumngoja Asanasio. Pembeni alikaa mfanyabiashara mmoja Mkongo, Sosthène, mnene, mwenye saa ya mkononi, anangoja vitenge vyake vivushwe.

“Papa Sosthène! Niandikie saa hapa, nakuomba!”

Sosthène akachukua kalamu, akatazama saa yake, akaandika, akaongeza maneno chini yake, akatia sahihi yenye mikia. “Kwenda, papa, kwenda! Benzako beko mbali sana!”

Thembo akageuza. Juu ya Bwera alikutana na Asanasio ndiyo kwanza anakwenda, wakainuliana mkono. Alifika Kasese saa tano na robo, na soko zima likamwagika barabarani. Asanasio alikuja dakika kumi na moja baadaye, kadi yake ina sahihi ya Enoka aliyekuwa amekwisha kurudi mezani. Kahambu alilia, akacheka, akamfuta mumewe vumbi kwa kanga yake mbele ya watu. Kwa muda wa nusu saa Thembo alikuwa mshindi.

Kisha Mugenyi akasoma kadi.

“Saa mbili,” alisema. Akaisoma tena. “Imeandikwa saa mbili. Umetoka hapa saa moja, ukafika Mpondwe saa mbili? Huo ni mwendo wa Land Rover ya mkuu wa wilaya, si wa baiskeli.”

Enoka, ambaye alikuwa ameletwa na gari la kamati, alisema yeye alikaa pale mezani tangu saa mbili na nusu na hakumwona Thembo hata kivuli. Alisema bila kupepesa jicho. Kamati ikajumlisha yenyewe: huyu kapanda lori njiani, kafika darajani saa mbili, kapumzika pembeni saa nzima, karudi na miguu mipya wenzake wakiwa hoi.

“Bwana Mwenyekiti, ile ni saa ya Kongo!” Thembo alipiga kelele. “Enoka hakuwepo, kaniandikia Mkongo, Sosthène! Kule wako nyuma yetu saa moja! Muulize mtu yeyote wa Bwera!”

“Mimi sitaki habari za mtu yeyote wa Bwera. Imeandikwa wapi kwamba ni saa ya Kongo?”

Thembo akatazama kadi. Kwake ilikuwa mistari tu. Mugenyi mwenyewe alikodolea macho yale maneno ya chini, akayageuza huku na huku, na kwa kuwa hakupenda kuonekana ameshindwa na karatasi, akamwita Asanasio. “Wewe ulisoma kwa mapadri ng'ambo. Haya makucha ya kuku ni nini?”

Asanasio alikuwa bado na vumbi kwenye nyusi. Aliishika kadi kwa mikono miwili, akaitazama muda.

“Ni sahihi yake tu, Bwana Mwenyekiti,” alisema.

“Basi,” alisema Mugenyi. “Haraka haraka haina baraka, bwana Thembo. Ukitaka tukuamini, mlete huyo Sosthène wako aseme mwenyewe. Kadi nitaihifadhi.” Na jioni hiyo, rangi nyeupe ikachovywa, jina la Asanasio likaandikwa.

Asanasio akaenda Kampala kulipwa kwa kukanyaga pedali. Thembo akarudi Karambi na jina jipya. Watu wa kwetu bwana, kwa kubandika majina hawana mpinzani! Kufika Jumapili, kanisa zima lilikuwa linamwita Lori. “Lori, habari ya safari?” “Lori, nipe lifti.” Wazee walimwita hivyo, wanywaji wa tonto, pombe ya ndizi, walimwita hivyo, na shuleni Masika wake aliitwa Binti Lori mpaka akakataa kwenda wiki mbili. Mshahara ulimuuma Thembo mwaka mmoja, labda miwili. Jina lilimuuma kila siku ya Mungu. Alitaka mstari ule wa tisa ufutwe ili afe akiitwa jina lake.

Akamtafuta Sosthène. Alivuka mpaka hadi Kasindi, akaambiwa ameondoka jana kwenda Beni. Akatuma ujumbe Beni kwa padri, jibu likaja baada ya miezi minne kwamba amehamia Butembo. Alipopata nauli ya Butembo, mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa akaenda, akamkuta mke wa Sosthène, Geneviève, amekaa dukani, akamwambia kwa upole mwingi kwamba mzee ameshuka Kisangani na hasemi atarudi lini. Thembo alikaa kwenye gunia la maharage, akawa hana hata nguvu ya kutukana.

Nyumbani adui alijulikana. “Kikulacho ki nguoni mwako,” Thembo alikuwa akisema. “Enoka ni mtu wetu, tumeoa ukoo mmoja, na amenimaliza kwa ajili ya chapati.” Alimwapiza Enoka asubuhi na jioni. Kwenye msiba wa shemeji yao alikataa kula sahani moja naye, watu wakanong'ona.

Asanasio, kwa upande wake, alirudi mwaka wa 1973. Wenye kampuni walikuwa wamefunga na kuondoka, timu ikafa. Alirudi na masanduku mawili ya vipuri, akafungua karakana ya baiskeli karibu na soko la Kasese, na huyo ndiye aliyekuwa mtu mmoja duniani asiyemwita Thembo Lori. Mbio zenyewe zilikufa mwaka uliofuata, maana tairi zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa. Lakini Thembo hakukosa tairi. Kila mwaka Asanasio alimtolea jozi moja kutoka kwenye sanduku, mnyororo ukilegea akampa mnyororo, fremu yake ya zamani ilipopasuka akampa baiskeli nzima. Akitaka kulipa, Asanasio anageuka upande mwingine.

“Hata ndugu wa tumbo moja siku hizi hafanyi hivi,” Kahambu alisema. “Mungu amzidishie.”

“Amina,” alijibu Thembo, na alimaanisha.

Mwaka wa 1977, siku ya soko la Mpondwe, Thembo alikuwa anafungua gunia kwenye keria aliposikia sauti inagombana juu ya bei ya samaki wa chumvi. Aliinua kichwa. Sosthène! Amenenepa maradufu, mvi zimemwingia, lakini ni yeye, na saa ni ile ile mkononi.

Ilibidi amweleze mara tatu. Sosthène alikuna kidevu, akatazama daraja, kisha akapiga paja. “Aah! Wewe njo ule mutu mwenye ulipita kama mwizi! Basi hukushinda?”

“Sikushinda, papa. Nilishindwa na saa yako.”

Kesho yake alfajiri walianza safari ya Kasese, Thembo akiendesha, Sosthène juu ya keria ameshika kiti kwa mikono miwili. Malori mawili yaliwapita tupu kabla ya Kinyamaseke.

“Papa Thembo, kwa nini hatupande motokari? Miye matako inakufa.”

“Lori sipandi.”

“Lakini miye nitalipa!”

“Nimesema sipandi!” Vilima vyote Sosthène aliteremka akatembea, akilaani mama wa aliyevumbua keria. Walifika saa nane mchana, Thembo miguu inamtetemeka, na katika miaka sita hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Mugenyi alikuwa amezeeka. Alivaa miwani sasa, na ofisi ilinuka panya. Alisikiliza habari yote, akamtazama Sosthène, akafungua bati la biskuti alimotunza kadi za miaka yote, akatafuta polepole mno. Akaitoa. Kamba ilikuwa bado ipo, na alama ya jasho.

“Bwana,” alimwambia Sosthène, “wewe uko tayari kusema kwamba hii saa mbili uliyoandika ni saa ya Kongo?”

Sosthène aliichukua kadi. Alimtazama Mugenyi, akamtazama Thembo, akarudi kwenye kadi.

“Niseme nini tena?” alisema. “Niliandika. Si hii hapa?” Akaweka kidole kinene juu ya yale makucha ya kuku. “Miye mutu wa mpaka. Kila karatasi naandika ni saa ya upande gani, bila hiyo watu batapigana kila siku. Hii sahihi yangu iko huku chini. Hii ya juu ni Kifaransa. Inasema, ‘saa ya kwetu.’ Mutoto wa darasa la pili anasoma. Hakukuwa mutu wa kusoma Kifaransa hapa?”

Mugenyi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Thembo aliitazama ile kadi. Alikuwa anaona vumbi kwenye nyusi za mtu. Alikuwa anaona mikono miwili imeshika kadi, na mtu anaitazama muda mrefu, muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sahihi. Miaka sita alikuwa akimwapiza Enoka!

“Nitaufuta ule mstari,” hatimaye Mugenyi alisema. “Ni haki yako. Ila... kamati haijakutana tangu 1974. Wawili wamehama, mmoja amefariki. Mimi peke yangu siwezi kubadilisha ubao. Na rangi nyeupe nayo, unajua mwenyewe, Kasese nzima hakuna. Ikipatikana, bwana Thembo.”

“Nipe kadi,” alisema Thembo.

Sosthène alibaki Kasese kwa biashara zake. Thembo aliikokota baiskeli mpaka karakana ya Asanasio. Palikuwa na wateja watatu kwenye benchi wanangoja pancha zao. Asanasio alikuwa amechuchumaa anakaza spoki, akainuka akitabasamu, anafuta mikono.

“Umempata? Sokoni wanasema umempata Mkongo. Wamekubali?”

Thembo akamnyooshea kadi. “Nisomee.”

Tabasamu lilikaa usoni kidogo, halafu likawa halina pa kukaa. “Thembo, ndugu yangu...”

“Mimi sijui kusoma. Wewe ulisoma kwa mapadri. Nisomee.”

Asanasio aliipokea kwa mikono miwili, kama siku ile. Midomo ilitikisika.

“Kwa sauti.”

“Saa ya kwetu,” alisema Asanasio.

“Sikusikia.”

“Saa ya kwetu! Imeandikwa saa ya kwetu!” Machozi yalikuwa yanamtoka, anayafuta kwa mkono wenye grisi. “Niliona mshahara, Thembo. Nilifikiri utashinda mwaka unaofuata tu, wewe ulikuwa na nguvu kunishinda. Kisha mwaka ukapita. Kisha wakaanza kukuita... Nikashindwa. Kila mwaka nikasema nitamwambia, halafu nikakutolea tairi.”

Mteja mmoja kwenye benchi alinyoosha shingo. “Lori,” aliuliza kwa wema kabisa, “unasomewa barua? Ni ya heri?”

Hapo Thembo alitaka kupiga mtu, na hakujua aanze na nani. Badala yake aliiegemeza baiskeli ukutani, fremu ya Asanasio, tairi za Asanasio, mnyororo wa Asanasio. Alifungua ile kamba ya mpira kwenye keria, hiyo ilikuwa yake mwenyewe, akaiviringisha akaitia mfukoni pamoja na kadi. Kisha akashika njia ya kwao kwa miguu.

Alivuka ikweta jua likizama. Alikuwa anasema peke yake barabarani, mara anamtukana Asanasio, mara Enoka anasamehewa na kutukanwa upya kwa sababu chapati ilibaki chapati, mara anajitukana mwenyewe kwa kutojua herufi. Kilomita zote zile alizijua, kila shimo, na hakuna hata moja iliyokuwa imemsaidia. Karibu na Kikorongo lori la chumvi likapunguza mwendo nyuma yake, likasimama. Dereva alichomoza kichwa dirishani. Alikuwa mtu wa Karambi.

“Si wewe, Lori? Baiskeli imekufa? Unakwenda Bwera? Panda, hakuna malipo!”

Thembo alisimama. Miguu ilimuuma mpaka nyongani, na mbele yake kulikuwa na zaidi ya kilomita thelathini za vumbi.

“Mimi sijawahi kwenda Bwera kwa lori,” alisema.

Dereva alicheka sana, akadhani ni utani, akaweka gia, lori likamwacha na vumbi.